Nilivyoacha kufumua kila ninachoshona

Nashona nguo Morogoro, mwaka wa 11 huu. Miaka mingi wembe haukutoka mkononi mwangu. Nashona, nageuza, natazama, nafumua. Zipu ya gauni moja la sendofu niliifumua mara nne, kitambaa kikabaki na matundu ya sindano, ikabidi nikate kipande kingine. Mwenye nguo alifika asubuhi ya shughuli akanikuta bado napiga pasi. Hakunigombeza. Niliyejigombeza ni mimi, usiku kucha.

Nilidhani bila kujikemea nitakuwa fundi mzembe. Mteja akisema, "Fundi, imenikaa vizuri," nilijua ananihurumia. Kazi za harusi nilizikataa zote.

Kilichonizindua ni binti ninayemfundisha. Alikuwa anatia kola ya shati la shule, ikapinda. Nikamsikia ananong'ona, "Mikono mibovu hii, haifai kitu." Maneno yangu hayo, neno kwa neno! Sikuwahi kumwambia yeye; aliyaokota nikijiambia mwenyewe. Moyo uliniuma. Nikamwambia, "Mdogo wangu, imepinda kushoto tu. Fumua hapo sentimita tatu, uendelee." Akafumua, akaendelea, shati likaisha.

Basi nikaanza kujisemesha kama ninavyomsemesha yeye. Kwanza nilijaribu kujisifu, "wewe ni fundi hodari," lakini sikuyaamini, nikayaacha. Yaliyonisaidia ni maswali. Najiita jina langu, kwa sauti kabisa kama sina mteja, kisha nauliza: kosa liko wapi? Lina ukubwa gani? Nguo ikivaliwa litaonekana? Nachukua futi, napima. Likiwa la milimita mbili ndani ya bitana, naweka wembe chini. Likiwa kwapa linavuta, nafumua hapo hapo, bila tusi.

Hilo la jina lilinishangaza lilivyonituliza. Baadaye nikasoma kwamba mwanasaikolojia Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake walilichunguza na kuchapisha matokeo mwaka 2014: watu waliojiandaa kuhutubia huku wakijisemesha kwa jina lao walipungukiwa na hofu kuliko waliojisemesha kwa "mimi". Nilielewa mara moja. Ukijiita jina unakuwa kama umesimama pembeni ya cherehani, unamtazama mtu anayefanya kazi, na mtu huyo unaweza kumwonea huruma.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Nikichoka, au umeme ukikatika nikiwa na kazi ya haraka, yale maneno ya zamani hurudi, nami huanza upya na swali la kwanza.

Desemba nilipokea magauni sita ya wapambe. La tatu lilikuwa na mshono wa bega uliokwenda upande kidogo sana. Nikaupima. Binti akawa ananitazama, wembe uko mezani katikati yetu.

"Dada, hufumui?"

"Sifumui. Niletee la nne."