Bibi Aliteka Nini?

Julai 2009, wiki ya moko, yaani mtihani wa majaribio, tulikaa walimu wanne mezani tukisahihisha insha za darasa la nane. Ni shule moja ya mjini Lamu. Wenzetu wawili walitoka bara, na wa nne alikuwa Maalim, mtu wa Langoni, mtaa wa hapo hapo Lamu, aliyekaribia kustaafu.

Insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya siku hizo, ilikuwa na alama 40, na mtahiniwa alipewa dakika 40. Tulitarajia ukurasa mmoja na nusu. Tuliisoma kwanza yote bila kugusa kalamu, tukaamua imeangukia kiwango gani: D ilikuwa 1 hadi 10, C 11 hadi 20, B 21 hadi 30, A 31 hadi 40. Kisha tuliirudia na kalamu nyekundu kutafuta makosa ya hijai (yaani tahajia), sarufi na msamiati, ndipo tulipopanda au kushuka ndani ya kiwango kile. Kosa la hijai likirudiwa, pale mezani petu lilihesabiwa mara moja tu.

Mwenzetu mmoja akasoma kwa sauti: "Bibi alipotuona aliteka mpaka akakaa kitako."

"Aliteka nini? Maji?"

Maalim hakuinua uso. "Aliteka, bwana. Alicheka."

Karatasi ile ilikuwa ya msichana, na ilikuwa imeshajaa wekundu. Kitwa, mtanga, ndia, mui, yana, yaani kichwa, mchanga, njia, mji, jana: yote yamepigiwa mstari. Lakini habari yenyewe! Aliandika jinsi mashua ya kwenda Pate ilivyopanda fungu pale Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa yamekupwa, nahodha akawateremsha wanaume wasukume, wanawake wakabaki wameshikilia vikapu vya mtele kichwani visilowe. Kila aliyewahi kupita Mkanda bila kungoja maji yajae anaijua hali hiyo. Akapewa 19.

Iliyofuata ilipata 35. "Nilirauka alfajiri na mapema jogoo wa kwanza alipowika, nikapiga mswaki meno yakawa meupe pepepe mithili ya theluji ya mlima Kilimanjaro, nikashika tariki guu mosi guu pili." Mwandishi wake alikuwa mtoto wa ofisa wa serikali aliyehamishiwa Lamu, na theluji ameiona kwenye kalenda kama sisi sote. Simlaumu mtoto. Nyumbani alikuwa na mwalimu wa tuisheni na daftari la mapambo: mwanzo wa arusi, mwanzo wa ajali, mwanzo wa moto, kila mmoja mistari minane hadi kumi ya kukariri.

Mapambo hayo yalifanya kazi kwa sababu ya ule usomaji wa kwanza. Msahihishaji aliyefika karatasi ya hamsini akiona "mithili ya" na "tariki" mwanzoni, mkono unakwenda A wenyewe. Ukisoma kwa makini unakuta aya ya tatu imeporomoka, kwa kuwa mwanzo uliokaririwa hauna habari na kisa kinachofuata. Tayari umeshachelewa, kiwango kimeshaamuliwa, na makosa yatakupunguzia mbili tatu tu. Aliyewekwa C kwa sababu ya ndia na mui hana pa kupandia.

Maalim alituuliza kama tunajua ni nani aliyeamua kwamba "njia" ndiyo sahihi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuusimamia usanifu huo. Kiamu, lahaja ya Lamu, kikabaki nyumbani na kwenye tendi. Mwana Kupona binti Msham aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858 alitoka Pate, huko huko mashua ilikokuwa inakwenda. Utendi huo vyuoni unaitwa fasihi. Bibi wa yule msichana alikuwa nao moyoni, beti kwa beti, na Maalim alimjua. Mjukuu akiandika kwa lahaja hiyo hiyo, ni kosa la hijai.

Miaka baadaye nilipokutana na maandishi ya Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, niliikumbuka meza ile. Naye alizaliwa kijijini, katika eneo la Béarn kusini-magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1930, mtoto wa mfanyakazi wa posta, mahali penye lahaja yao isiyo Kifaransa cha shule. Anachokiita mtaji wa kitamaduni, yaani ujuzi na mazoea yanayomfaa mtu kama fedha, kinakaa mahali patatu: ndani ya mtu, kama matamshi na mazoea, kwenye vitu, kama vitabu, na kwenye vyeti. Shule, anasema, hudai kitu ambacho yenyewe haikifundishi, kisha aliyekuja nacho kutoka kwao huitwa mwenye kipaji. Bibi alikuwa na mtaji mwingi wa ile aina ya kwanza. Dukani kwetu haukununua kitu.

Sisi tulichofanya ni kuandika jedwali kwenye karatasi ya manila: t kwa ch (kitwa, kichwa), y kwa j (yana, jana), nd kwa nj (ndia, njia). Maalim alituonya kwamba halitoshi. Si kila nd ni nj, na mtoto aliyeambiwa mara moja kwamba maneno ya kwao ni makosa atayashuku yote. Tulilibandika hata hivyo, maana KCPE ya Novemba ilikuwa inakuja.

Wiki mbili baadaye msichana yule akaleta insha mpya. Njia ilikuwa njia, kichwa kilikuwa kichwa. Kwenye aya ya pili aliteremka gatini Faza, kisiwani Pate: "Njugu zangu wawili walikuja kunipokea."

Mwenzetu wa bara alicheka, kisha akanyamaza. Maalim akaiomba kalamu nyekundu, akapiga mstari yeye mwenyewe.