Supu ya makongoro nimekunywa, ila mguu umeponea kwenye mzani

Nilipovunjika ugoko, kila aliyekuja kunipa pole aligeuka daktari. Shangazi akaagiza makongoro asubuhi na jioni. Jirani akaapa kwamba nikikanyaga kabla ya mwaka kuisha, mfupa utapinda. Supu niliinywa, tamu. Huo mwaka ndio ulioniudhi.

Hogo lilipotolewa mguu ulikuwa umekonda, soksi haikai. Daktari akaridhika na picha, dada wa mazoezi ya viungo akaniambia: “Anza kukanyagia, kilo 20, usizidishe.”

Sasa kilo 20 unyayo utazijuaje? Nikaazima mzani wa kupimia uzito, nikapanga vitabu upande wa pili miguu iwe sawa, nikasimama na magongo, nikakandamiza polepole. Tatizo, kila nikiinama kuchungulia mshale, mwili unakwenda mbele na mshale unaruka. Nikaegemeza kioo cha kunyolea ukutani, nikawa nasoma namba kinyumenyume huku nimenyooka. Mdogo wangu alicheka: “Kaka, unajipima kama gunia la mahindi!” Acheke. Baadaye nikawa nafumba macho, nakandamiza, nikifumbua mshale uko kwenye 20. Fundi!

Dada wa mazoezi alinieleza sababu ya kukanyagia. Ndani ya mfupa zimo seli, osteositi, zilizounganishwa kwa vifereji vyembamba mno. Ukikanyaga, mfupa unabonyea kidogo sana, majimaji yanapita kwenye vifereji, seli zinahisi. Hapo zinapunguza sklerostini, protini inayowazuia osteoblasti, seli za ujenzi, kujenga mfupa. Ukilala tu, sklerostini inaongezeka, na osteoklasti wanaomega mfupa wanawashinda wajenzi. Wanaanga, kwa kuwa huko juu wanaelea bila kukanyagia uzito, wanaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi, na chakula wanakula! Nikampelekea jirani hoja hiyo. “Wewe umekwenda angani lini?”

Kusimama tu kama mlingoti hakusaidii sana, mfupa unataka kubanwa na kuachiwa. Seli nazo huzoea haraka, kwa hiyo vipindi vifupi, upumzike, urudie. Nauli na ada ya mazoezi vilikula elfu kadhaa kila wiki, mzani bure. Maumivu makali yakija, acha, rudi hospitali.

Kilo zikapandishwa kidogo kidogo mpaka nikabaki na gongo moja. Hilo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Jirani alikuwa ananisimamisha barabarani kunirekebisha kwamba nimelishika kinyume.