Mfalme wa kwenye kikopo

Mwaka 2014, nikiwa naishi Dortmund, kijana mmoja wa Voi aliyekuwa anasoma chuo pale mjini aliniomba nimsindikize Hamm. Ni mwendo mfupi kwa treni, na mara chache kila mwaka wafugaji wa nyoka, mijusi na buibui hukusanyika huko kutoka nchi nyingi za Ulaya kuuziana wanyama. Kijana alikuwa amedunduliza pesa muda mrefu. Alimtaka Pelinobius muticus, yule buibui mkubwa wa Kenya na Tanzania ambaye wafugaji wa kule wamempa cheo cha mfalme. Jike lake, ukipima kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu, hukaribia sentimita 20, na huchimba shimo refu ardhini akakaa humo miaka na miaka.

Mimi nimezaliwa Lushoto. Kilichonigusa mwanzo mle ukumbini ni kuliona neno Usambara limeandikwa meza baada ya meza. Ndivyo anavyouzwa buibui aitwaye Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya chungwa iliyokolea. Spishi hiyo imeenea Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, na si wote wenye rangi hiyo: wako wa kijivu na wako wa hudhurungi. Wafugaji huwatenganisha kwa majina ya mahali, huyu Usambara, huyu Mikumi, huyu Kigoma. Zamani huyo wa chungwa aliuzwa kama Pterinochilus mamillatus, hadi mtaalamu wa buibui Richard Gallon alipoipitia upya jenasi nzima, yaani kundi zima la spishi zenye undugu wa karibu, mwaka 2002 na kumweka ndani ya murinus. Nilifurahi kuona milima yetu inajulikana mbali hivyo, lakini roho haikutulia. Buibui aliye kwenye kikopo hana ushahidi wa kwao ila kile kikaratasi. Kikikosewa, atapandishwa na dume asiye wake, na kosa litaendelea kwa watoto na wajukuu.

Mfalme tulimkuta meza ya pembeni. Lebo ilisema Citharischius crawshayi, jike mchanga. Jina lenyewe lilikuwa limeshafutwa: mwaka 2010 ilielezwa kwamba ni buibui yuleyule aliyeandikwa na mtaalamu Karsch mwaka 1885 kama Pelinobius muticus, na jina la kwanza ndilo linalosimama. Wauzaji wengi waliendelea kutumia la zamani kwa sababu wateja wamelizoea, na hilo halikunisumbua.

Kilichonisumbua ni miguu ya nyuma.

Mfalme jike ana miguu ya nyuma minene, imepinda kama upinde, na malaika yake ni mafupi, laini kama mahameli. Mwili wote una rangi moja ya kutu. Huyu wa kwenye kikopo alikuwa na miguu ya nyuma minene pia, ila unene ule ulikuwa wa manyoya: marefu, yamesimama, yamejazana juu ya muundi kiasi cha kuficha umbo la mguu wenyewe. Ngao ya mbele, pale juu ya kichwa na kifua, ilikuwa na mng'ao wa kijivu. Urefu wa mwili, bila miguu, ulikuwa kama kidole gumba changu.

"Kaka, si ndiye huyu?" kijana aliniuliza, mkono uko mfukoni tayari.

"Subiri kidogo, mdogo wangu. Mimi namwona Eucratoscelus, buibui wa jenasi nyingine kabisa."

Muuzaji alinisikiliza bila kukasirika. Alisema amewanunua kwa mtu aliyewaagiza kutoka Tanzania, wamekuja na jina hilo, na kwamba huyu bado mdogo, atakua. Hapo ndipo palipohitaji jibu, maana mfalme hukua taratibu sana na mnunuzi anaweza kungoja miaka kabla ya kujua alichouziwa. Bahati nzuri gamba alilojivua lilikuwa bado kwenye kona ya kikopo, limejikunja. Nikamwomba bwana yule atuazime.

Meza kadhaa mbele alikuwepo mzee mmoja mwenye hadubini, anayewatazamia watu kama buibui wao ni dume au jike. Alililowesha gamba kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo hadi likalainika, akalikunjua kwa kibano na sindano, akatafuta sehemu ya tumbo iliyo kati ya mapafu mawili ya mbele. Hapo ndipo jike huwa na vifuko vya kuhifadhia mbegu za dume, na kwa kuwa hutoka pamoja na gamba, unaweza kuvichunguza bila kumgusa mnyama. Alituachia tuangalie kwa zamu. Vifuko vilikuwa vimekomaa, vigumu, rangi ya asali iliyoiva. Mtoto wa mfalme hawezi kuwa navyo hivyo akiwa na umbo dogo kiasi kile. Huyu alikuwa jike aliyekwisha kuwa mtu mzima. Tukalinganisha na michoro ya Gallon, ambayo mzee alikuwa ameichapisha na kuiweka kwenye faili: Eucratoscelus pachypus, spishi ya Tanzania iliyoelezwa mwaka 1990.

Mzee yule alipenda kazi yake. Alipojua natoka Tanzania alinikumbusha habari ya Encyocratella olivacea, buibui mwingine wa kwetu anayeishi mitini, ambaye jike lake halina vifuko hivyo kabisa. Watu hufungua gamba, hawaoni kitu, wanaandika dume. Nilimsikiliza kwa heshima kubwa, kwa sababu kwetu Lushoto sikuwahi kukutana na mtu aliyemjua mnyama huyo hata kwa sura.

Tuliporudi kwa muuzaji, alitoa vikopo vyake vyote vyenye jina lile na tukaanza kuvipitia pamoja. Baadhi walikuwa wafalme kweli. Mmoja aliinua miguu ya mbele na kutoa ile sauti yao ya kukwaruza, wanayoifanya kwa kusugua malaika magumu yaliyo karibu na mdomo, na kijana wa Voi akacheka kwa furaha kama mtu aliyesikia ndugu akiita. Waliobaki walikuwa na manyoya marefu nyuma. Muuzaji akachukua kalamu, akaanza kuandika lebo mpya: Eucratoscelus pachypus. Kisha akasita, akaniuliza kama aongeze Usambara, maana jina hilo wateja wanalipenda.

Nikamwambia hapana. Aliyewaleta hakutaja walipokamatwa, na Tanzania ni kubwa. Aandike Tanzania peke yake. Alinitazama, akafikiri, akaandika Tanzania.

Kijana aliishia kumnunua yule jike mwenye manyoya, kwa bei ya chini kuliko ya mfalme, na pesa iliyobaki tulinunua tangi refu la kioo la kumwekea udongo wa kina, kwa kuwa naye ni mchimbaji.