Daftari la Mwalimu, Mpaka Daraja la Kyaka

Siku ya arobaini ya marehemu Mwalimu wangu, mkewe, Mama Mwalimu, aliniita chumbani akanikabidhi daftari lenye jalada la kitambaa. "Lifikishe Kyaka, mwanangu. Kila mwaka alisema atakwenda, kila mwaka magoti yakamkatalia."

Mwalimu alitufundisha miaka ya 1980, katika shule ya msingi nje kidogo ya Mwanza. Kabla ya hapo alikuwa mgambo, akaitwa kwenye vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda mwishoni mwa 1978. Alirudi baada ya Kampala kutekwa, Aprili 1979, akashika chaki. Vitabu vilikuwa haba, watoto tele, kwa kuwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulikuwa umejaza madarasa. Alikuwa na gitaa kavu lenye nyuzi tano. Wa sita hakuwahi kuupata. Hakupiga dansini wala hakulipwa hata siku moja. Alitupigia sisi.

Basi liliondoka alfajiri. Kutoka Kigongo hadi Busisi tulipita juu ya daraja jipya, zaidi ya kilomita 3 za maji chini yetu, dakika chache tu, mahali ambapo zamani tulikuwa tukishinda tunasubiri kivuko. Sengerema, Geita, Biharamulo. Nilisinzia. Nilipofumbua macho migomba ilikuwa imeziba pande zote mbili za barabara, nikajua tumeingia Muleba.

Nilishuka Kaboya, wanakolala askari wetu wa vita ile. Niliomba ruhusa, askari kijana akanisindikiza. Makaburi yamepangwa kwa safu. Nilikumbuka Mwalimu alivyokuwa akiita majina asubuhi: polepole, akingoja kila mmoja aitike "nipo" ndipo aende kwa mwingine, na asipoitika mtu, mtoto alitumwa kwao kuuliza. Walimu wengine walimaliza rejesta kwa pumzi moja. Pale Kaboya nilisoma majina kwa sauti, kwa mwendo wake ule, mpaka koo likakauka. Yule kijana alivua kofia.

Nililala Bukoba. Asubuhi nikapanda Hiace ya Mutukula, nikashuka Kyaka.

Mto Kagera ni mpana kuliko nilivyodhani, maji yake ya rangi ya udongo, na hayana kelele. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja hapa ili wetu wasivuke. Wahandisi wa jeshi walitandika jingine la chuma, nao wakavuka. Juu kidogo kuna kanisa lililobomolewa vitani, kuta zake zimeachwa vilevile. Nilikaa kivulini mwake muda mrefu.

Watoto wa rika langu tunakumbuka wimbo wa mchakamchaka wa kumtupa Amin mto huu aliwe na mamba. Tuliuimba kwa nguvu zetu zote. Wiki ya zamu ya Mwalimu hatukuuimba. Alianzisha mwingine, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mwenzetu mmoja alimuuliza jambo lingine, kama aliwahi kuua mtu. Mwalimu alichukua gitaa, akapiga bila kusema neno mpaka kengele ikalia. Sijawahi kuona mtu mzima akimheshimu mtoto kiasi kile, kwa maana angeweza kumdanganya, au kumchapa.

Nilifungua daftari darajani. Nyimbo za kwaya, zote kwa sol-fa, mwandiko uleule wa ubaoni. Ukurasa mmoja ulikuwa na sauti peke yake, hauna maneno. Juu yake: Kyaka, Januari 1979. Januari ile ndiyo majeshi yetu yalivuka mpaka kuingia Uganda.

Sisomi nota vizuri. Nilianza kwa kubahatisha, do, mi, mi, re, nikarudia, mara ya tatu ulimi ukatangulia wenyewe: saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne.

Ilikuwa tebo ya saba, ile aliyotufundisha kwa gitaa darasa la tatu, tukiiimba taratibu kuliko tebo nyingine zote bila kujua kwa nini.

Malori ya Mutukula yalipita nyuma yangu, daraja likitetemeka. Niliimba yote, mpaka saba mara kumi na mbili.