Nilivyozimia juu ya mitumba Kibuye baada ya kutoa damu

Dada yangu alipojifungua alivuja damu hadi midomo ikawa myeupe. Usiku huo aliongezwa painti tatu, na hakuna hata moja iliyotoka kwa mtu wa nyumbani kwetu. Kulipokucha alikuwa ameketi kitandani akinyonyesha. Nikaapa moyoni kwamba deni hilo nitalilipa, ingawa sindano nimeiogopa tangu utotoni.

Nafasi niliipata tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangiaji Damu Duniani. Hema lilikuwa limepigwa katikati ya mji hapa Kisumu, nami nikafika mapema kabla jua halijachachamaa. Sista aliniuliza kama nimekula, nikajibu ndiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekunywa kikombe cha strungi tu, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilipimwa uzani, maana ukiwa chini ya kilo 50 hawakuruhusu, kisha presha. Halafu sista akanidunga kidole na kudondosha tone la damu kwenye dawa ya rangi ya buluu. Tone likielea, damu yako ni nyepesi na unarudishwa nyumbani. Langu lilisita pale juu kidogo, nami nikaliombea kabisa, ndipo likazama hadi chini.

Sindano yenyewe ni nene, sitakudanganya. Inauma kama siafu amekung'ata, kisha basi. Nikawa nafumba ngumi na kufumbua huku mfuko ukibembezwa na kile kimashine chao, na kabla ya dakika kumi kwisha mililita 450 zilikuwa zimejaa. Nilimwomba sista niuguse ule mfuko kabla hajaubeba. Ulikuwa na joto, joto la mwili wangu mwenyewe. Machozi yalinilengalenga.

Nikapewa soda na biskuti, nikaambiwa niketi kwanza kama robo saa. Lakini mimi ni fundi cherehani, na kuna mteja aliyekuwa akisubiri gauni la harusi ambalo halikuwa na zipu wala bitana. Soda na biskuti nikavitia mkobani nimpelekee mwanangu, nikapanda tuktuk mbio kwenda soko la Kibuye.

Nakumbuka nikiinama kuchagua zipu. Nilipoinuka, soko likaanza kwenda mbali, sauti za wachuuzi zikawa kama zinatoka ndani ya mtungi. Mwili ulikuwa umepungukiwa maji, jua limekwisha kuwa kali, presha ikashuka. Nikaanguka kwa mgongo, na Mungu ni mwema, nyuma yangu palikuwa na rundo la mitumba lililofunguliwa asubuhi hiyo.

Sauti ya kwanza niliyoisikia ni ya mwenye mali: "Mama, inuka, hiyo ni kamera!" Alidhani nimejitupa pale nishikilie kamera, yaani nguo za chaguo la kwanza, kabla ya wengine. Alipoona macho yangu yamegeuka, akapiga kelele, akashika suruali ya mtoto akaanza kunipepea nayo. Watu wakajaa. Mmoja akasema ni mimba, mwingine akasema ni njaa, mzee mmoja akaapa ni malaria. Nilitaka kueleza lakini ulimi ulikuwa mzito, nikanyoosha kidole tu kwenye pamba iliyobandikwa mkononi.

"Amedungwa sindano! Arudishwe alikodungwa!" akasema dereva wa tuktuk. Alikuwa ni yule yule aliyenileta. Basi nikabebwa, na mama wa mitumba akapanda nami, suruali bado mkononi.

Sista aliponiona nashushwa hemani alishika kiuno. "Mama, si umetoka hapa sasa hivi? Mwanamke hurudi baada ya miezi minne!" Kisha akanilaza, akaniinulia miguu juu ya mito miwili, akafungua mkoba wangu mwenyewe na kuninywesha ile soda ya mwanangu. Biskuti zilikuwa zimekuwa unga. Baada ya dakika ishirini kichwa kilitulia kabisa. Dereva alikataa nauli ya safari ile ya pili, na ile suruali niliinunua.

Mume wangu alitaka nisirudi tena. Nilimwambia kuzimia kwangu kulikwisha kwa soda moja, ila mtoto mwenye malaria kali aliyeishiwa damu hana soda ya kumsaidia. Na damu haiwekwi akiba ya miaka. Chembe nyekundu hukaa kwenye friji siku 35 tu, na shule zikifungwa mifuko hupungua kwa sababu wanafunzi ndio wanaochangia kwa wingi.

Oktoba nilirudi. Usiku wake nililala nimekula ugali kwa omena na mboga ya osuga, asubuhi nikanywa uji mzito na mayai mawili, na maji nikayanywa hadi tumbo likajaa. Wateja niliwaambia mapema kwamba siku hiyo sishoni. Nilipomaliza kutoa nilikaa kwenye kiti cha plastiki hadi sista mwenyewe akaniambia sasa ninaweza kwenda. Soda yangu niliimaliza pale pale. Ya mwanangu niliinunua dukani.