Kufuatilia Presha kwa Kifaa cha Kuvaliwa Baada ya Upasuaji: Uzoefu Wangu Wodini

Kwa miaka mingi ya uuguzi wangu katika wodi ya upasuaji, mgonjwa aliyekwisha kutulia tulimpima presha kila baada ya saa nne, na kati ya kipimo kimoja na kingine hakuna aliyejua yaliyokuwa yakiendelea mwilini mwake. Zamu ya usiku ndiyo iliyonitia hofu zaidi, kwa sababu mgonjwa aliyepitiwa na usingizi na mgonjwa anayelegea kwa kupoteza damu hufanana mno ukiwatazama kutoka mlangoni. Kwa hiyo tulipoletewa vifaa vya kuvaliwa, nami nikakabidhiwa kuvisimamia, niliona kwamba hofu ile imepata dawa.

Kifaa tulichopewa hakina mkanda wa kujaa hewa. Vihisi vinavyobandikwa kifuani husoma umeme wa moyo, na kihisi cha mwanga kinachovikwa kidoleni hutambua wimbi la damu linapofika huko. Kutokana na muda uliopita kati ya matukio hayo mawili, programu hukadiria presha, kwani presha inapopanda kuta za mishipa hukaza na wimbi hukimbia, na inaposhuka wimbi huchelewa. Hayo ni makadirio, na ndiyo maana kifaa hulinganishwa kwanza na mkanda wa kawaida wa mkononi, kisha namba zote zinazofuata husimama juu ya ulinganisho huo mmoja.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulikuwa tukilinganisha kifaa mara mgonjwa anapotoka chumba cha upasuaji, angali anatetemeka kwa baridi na dawa ya maumivu haijamkolea. Mama mmoja aliyepasuliwa tumbo alilinganishwa akiwa katika hali hiyo, mkanda ukionyesha 158/92. Saa tatu baadaye kioo cha kifaa kilionyesha namba ya juu ya presha kuwa 118, namba ambayo isingemtisha mtu yeyote, lakini yeye aliniita akasema, “Sista, kitanda kinazunguka.” Nilimshika mkono, nikaukuta wa baridi na wenye jasho, na mapigo ya moyo yamefika 124 kwa dakika. Mkanda ulinipa 88/50. Ukichukua namba ya chini na kuiongezea theluthi ya tofauti ya namba hizo mbili, unapata wastani wa presha wa karibu 63, nao ukishuka chini ya 65 tunaanza kuhofia figo na moyo. Nilimwita daktari, mama akarudishwa chumba cha upasuaji akiwa anavuja damu ndani, na nashukuru kwamba alipona.

Sikulala vizuri siku zile. Nilipoyarudia maelezo ya kifaa nilielewa kwamba mishipa midogo ya mtu anayetetemeka huwa imebana, na uhusiano uliokuwepo wakati huo kati ya mwendo wa wimbi na presha haudumu hali yake ikibadilika. Kifaa kilikuwa kinafanya hesabu sahihi juu ya msingi mbovu, na msingi huo tuliuweka sisi.

Niliomba tubadili utaratibu, na daktari mkuu wa wodi akakubali. Sasa tunasubiri mgonjwa apate joto na maumivu yatulie. Tunachagua mkanda unaolingana na unene wa mkono, na mkono wenyewe tunauweka usawa wa moyo, kwa kuwa ukining’inia sentimita 10 chini yake kipimo hupanda kwa karibu milimita 8 za zebaki. Tunapima mara mbili kabla ya kulinganisha, na ulinganisho unarudiwa kila zamu, na vilevile kila dawa inayogusa mishipa inapoanzishwa au kubadilishwa. Kengele nazo zilihitaji kurekebishwa, maana kila mgonjwa alipojigeuza zililia hata wauguzi wakaanza kuzizoea, jambo ambalo kwangu ni la hatari kuliko kutokuwa na kengele kabisa. Tuliziwekea sharti kwamba presha ibaki chini kwa dakika mbili mfululizo ndipo zilie.

Badiliko ninalolithamini zaidi ni kwamba tunasoma mwelekeo wa mstari wa presha kwenye kioo pamoja na mapigo ya moyo, badala ya kuitazama namba peke yake. Mwili wenye nguvu huficha upotevu wa damu kwa muda, mapigo yakipanda huku presha ikiwa bado haijatetereka.

Miezi michache baadaye, usiku wa manane, niliona mstari wa mzee mmoja aliyekuwa akipewa dawa ya ganzi mgongoni kwa mrija ukiteremka polepole kutoka 130 hadi 104 ndani ya dakika 40. Kengele ilikuwa haijalia, naye alikuwa amelala kwa utulivu. Nilichukua mkanda nikaenda kumpima, nikapata 96/52. Daktari alipunguza kasi ya dawa na kumwongezea maji ya dripu, na kabla hakujapambazuka presha yake ilikuwa imerudi 122. Nilimlinganisha upya kabla ya kukabidhi zamu.