Mtu wa nne kwenye gari la zimamoto

Jumanne iliyopita, saa nane usiku, simu ililia stesheni. Duka la magodoro nyuma ya soko lilikuwa linaungua. Zamu yetu ilikuwa na watu watatu: dereva, mimi, na kijana mmoja wa mkataba wa miezi sita. Wa nne ni mgonjwa tangu mwezi uliopita na hakuna aliyeletwa kushika nafasi yake. Tulivaa tukatoka hivyo hivyo.

Watu wakiona gari kubwa jekundu lenye king'ora hudhani kazi imekamilika. Naomba mnisikilize kidogo. Gari likifika, dereva ndiye mtu wa pampu. Hawezi kuiacha, maana akiiacha walio ndani wanakosa maji. Wanabaki wawili. Kwenye moshi hatuingii mmoja mmoja, tunaingia wawili. Sasa nje amebaki nani? Nani aangalie saa na kujua hewa yetu imefika wapi? Nani atufuate dari likituangukia? Marekani kiwango cha NFPA 1710, cha chama chao cha kinga ya moto, kinataka watu wasiopungua wanne kwenye gari moja, na ukiwa umeshaingia kwenye moshi huhitaji kuelezwa sababu.

Halafu kuna hili la watu kusema "wamekuja bila maji". Limetupigisha mawe mara ngapi! Gari letu hubeba lita 5,000. Mpira mmoja ukifunguliwa vizuri hula kama lita 400 kwa dakika. Fungua miwili, na dakika sita hivi tangi limekauka. Tulikuja na maji, yameisha, na bomba la zimamoto lililokuwa karibu limejengewa kibanda juu. Kungekuwa na mtu wa nne, angekuwa tayari anatafuta bomba lingine tangu dakika ya kwanza.

Mimi niliajiriwa enzi za baraza la manispaa. Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka huduma ya zimamoto mikononi mwa kaunti, na kaunti zilipoanza 2013 tulivuka sisi na mipira yetu. Tangu hapo magari mapya yamekuja, na niliyafurahia kwa dhati, kwa sababu lile la zamani tulikuwa tunalisukuma liwake. Lakini wazee walionifundisha kazi wamestaafu mmoja baada ya mwingine, na viti vyao vimejazwa na vijana wa mikataba mifupi. Namfundisha kijana mpaka anaanza kuiva, mkataba unaisha, kesho namkuta getini kwa watu amevaa sare ya ulinzi. Naanza upya na mwingine.

Na kufundisha kwenyewe si kusoma makaratasi. Nina stoo ya zamani nyuma ya stesheni ambayo nimeipanga vitanda vibovu, meza na gunia la mchanga lenye uzito wa mtu. Kioo cha barakoa nakifunika kwa nailoni nyeusi, kisha namwambia aingie akalitafute gunia. Anatambaa, mkono wa kushoto ukutani, na ukuta hauachi. Anagusa kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, kwa sababu kiganja kikigusa waya wenye umeme vidole vinaukumbatia na havitoki.

Kijana wangu huyu, siku ya kwanza, aliuacha ukuta akiwa katikati ya stoo. Nilimsikia anavyopumua: haraka haraka, kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Akasimama. Nikamshika kifundo cha mguu nikamrudisha chini. "Moto uko juu," nikamwambia, "na hewa yako unaimaliza kwa hofu." Mtungi wa nusu saa, mtu aliyeingiwa na woga anaumaliza robo saa. Tulirudia zoezi lile kila asubuhi kwa wiki tatu, mpaka pumzi ikatulia.

Usiku ule wa Jumanne umati ulikuwa unapiga kelele kwamba mlinzi yuko ndani. Tukaingia, kijana mbele na mpira, mimi nyuma nimeshika mkanda wake. Moshi wa magodoro ni mweusi na mzito, tochi haikuonyeshi hata mkono wako. Nilimsikiliza anavyopumua: polepole. Nikajua anashika ukuta. Tulizunguka vyumba viwili, hatukukuta mtu. Filimbi ya mtungi wangu ilipolia kuonya kwamba hewa inakaribia kuisha, nikamvuta mkanda mara mbili, naye akageuka bila ubishi, kama tulivyofanya stooni. Mlinzi, kumbe, alikuwa ametokea mlango wa nyuma mapema na alikuwa ng'ambo ya barabara akitetemeka, amefunikwa shuka na mama mboga.

Tulipotoka niliona chaki mlangoni mwa gari. Dereva wetu, mkono mmoja ukiwa kwenye vali, alikuwa ameandika kwa mkono mwingine majina yetu mawili na saa tuliyoingia. Kufanya kazi ya watu wawili amezoea, lakini angalitazama saa ile ikapita na hatujatoka, angefanya nini? Aiache pampu?

Mkataba wa kijana unaisha mwisho wa mwezi huu. Barua ya kuomba aajiriwe kabisa nimeshaipeleka mara mbili, na nikaambiwa nisubiri. Ijumaa naipeleka tena, na safari hii nimeambatisha daftari la zamu, usiku kwa usiku, idadi ya waliokuwepo garini.